Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo wa Jimbo la Haut-Katanga: leteni dawa mabandani kabla ya kukamata nyama

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Komini Annexe. Mimi ni mfugaji wa nguruwe na muuza nyama. Nakuandikia hadharani juu ya tegu, mnyoo wa nguruwe anayeleta kifafa kwa binadamu, kwa sababu jambo hili linawahusu watu wote wa Lubumbashi, hata wale wasiogusa nguruwe.

Kwanza uone biashara yetu inavyokwenda. Mnunuzi akiingia lupango, yaani uani mwa mfugaji, haanzi na bei. Vijana wawili wanamlaza nguruwe ubavu, wa tatu anampitishia kijiti katikati ya taya, ulimi unavutwa nje kwa kitambaa. Mnunuzi anapitisha kidole gumba chini ya ulimi, polepole, toka shina mpaka ncha. Anatafuta vifuko vyeupe vyenye maji, mfano wa punje za mchele. Akivikuta, anaondoka bila kuaga au anataja nusu ya bei. Daktari wa mifugo haitwi na mtu. Nguruwe yule hakosi mteja: atachinjwa usiku nyuma ya nyumba, atakatwakatwa, ataingia kwenye michopo, nyama choma yetu. Ikishapakwa pilipili na kuletwa mezani na bia ya Simba ya baridi, nani ataikagua? Na hata ulimi ukiwa safi si hoja, maana kidole kinamgundua yule aliyejaa tu. Mwenye vifuko vichache anapita.

Vifuko hivyo ni mabuu ya tegu wa nguruwe, ambaye wataalamu humwita Taenia solium. Mtu akila nyama isiyoiva vizuri, buu moja linakua utumboni mwake na kuwa mnyoo wa mita kadhaa. Anaweza kukaa naye miaka bila kuumwa kitu cha maana, huku akitoa mayai kila aendapo haja. Pasipo choo, haja hiyo inaishia kichakani, na nguruwe anayezurura anaila. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, mabuu yanapita kwenye damu na kutulia katika ulimi, moyo na mapaja. Binadamu naye akiyameza mayai hayo yatamfanyia vilevile, ila kwake yanaweza kutulia kwenye ubongo. Ndipo kifafa kinapoanza. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako ugonjwa huu umezoeleka, asilimia 30 ya kifafa inatokana na mnyoo huyu. Kwetu hapa mtoto akianguka, anapelekwa chumba cha maombi, na kuna shangazi atakayeitwa mchawi.

Ndiyo maana nasema hata asiyekula nguruwe yumo. Mayai hayatoki kwenye nyama, yanatoka kwa mtu mwenye tegu, na mikono yake ikiwa michafu yanaingia kwenye bukari, sombe au maji ya kunywa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa New York, watu ambao dini yao inawakataza kabisa nguruwe, waliopatikana na mabuu haya kichwani. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliokuwa wakiwapikia.

Wapo watakaosema ni nguruwe wa porini wanaotuletea haya. Si kweli. Tegu huyu hakomai ndani ya mnyama wa pori; anakomaa ndani ya utumbo wa binadamu tu. Tumlaumu ngiri kwa mengine.

Kinachonishangaza ni hiki, Mheshimiwa. Tauni ya nguruwe ikiingia, redio zinatangaza, barabara zinafungwa, mabanda yanapuliziwa dawa. Ni haki, maana inatufilisi. Lakini tauni hiyo haimdhuru binadamu hata kidogo. Huyu anayemwangusha mtu barabarani hana tangazo.

Mnachofanya kwa sasa ni kukamata. Mzoga ukikutwa na vifuko machinjioni, unachukuliwa wote na mfugaji anarudi mikono mitupu, pengine na faini juu. Sipingi nyama hiyo kuharibiwa. Ila mfugaji aliyepoteza nguruwe wa ada ya shule hatarudi machinjioni. Wa pili atauzwa usiku, na jirani yake atajifunza kwake. Ukali wa namna hii unawaadhibu wale waliokubali kukaguliwa.

Dawa ipo. Oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja ya kunywesha, inaua mabuu yaliyo kwenye misuli. Baada yake nguruwe asichinjwe kwa wiki 3 angalau, na heri angoje zaidi, kwa kuwa vifuko vilivyokufa vinachelewa kuyeyuka. Ipo pia chanjo, TSOL18. Huko Tumbes, kaskazini mwa Peru, waliwatibu watu na nguruwe kwa pamoja, wakaongeza chanjo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha maambukizi yamekatika katika vijiji 105 kati ya 107. Wale si matajiri kama tunavyowadhania.

Kwa hiyo naomba dawa hiyo ifike mabandani kwa bei ya mfugaji mdogo, kupitia wauguzi wa mifugo wa komini. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Wanafunzi wake wangeweza kupita lupango kwa lupango wakipima na kunywesha. Anayeleta nguruwe machinjioni kwa hiari na kunyang'anywa alipwe fidia, hata kama ni sehemu tu ya bei. Uzungumze pia na mwenzako wa Afya, maana sisi wenyewe tunahitaji kutibiwa, na hilo si kazi ya kugawa vidonge ovyo: dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli inaweza kumletea degedege mtu mwenye mabuu kichwani bila kujua, wakati nyingine, niklosamidi, inafanya kazi ndani ya utumbo tu. Madaktari waamue.

Vyoo na kufungia nguruwe ni juu yetu, na wapo wafugaji wengi huku walio tayari kuanza. Mkutano unaweza kufanyika hapa kwetu, siku yoyote isiyo ya soko. Tunangoja utupangie.

Kwa heshima,

Mfugaji wa nguruwe, Komini Annexe, Lubumbashi