Yaya, galaksi ndogo hazizeeki kwa mwendo mmoja

Yaya,

Juzi pale kwako Katuba ulinikatiza nikizungumzia galaksi ndogo, yaani makundi madogo ya nyota na gesi huko angani. Ukasema kidogo huisha upesi, kuna nini tena cha kuchunguza? Watu wakacheka, nikanyamaza. Sasa nakujibu hapa, mbele ya watu.

Kwa zile ndogo kabisa, umesema kweli. Nyota zake ni chache, na nyingi zilizaliwa katika miaka bilioni ya kwanza au hivi ya ulimwengu, ambao leo una miaka bilioni 13.8. Kisha mwanga wa urujuanimno, ule mkali usioonekana kwa macho, wa nyota za mwanzo ukaipasha gesi moto, na galaksi zenye mvutano dhaifu zikashindwa kuishika. Nyota huzaliwa kwa gesi; gesi ikienda, uzazi umekwisha.

Lakini galaksi iitwayo Leo A je? Nayo ni ndogo, na iko mbali kama miaka ya nuru milioni 2.6 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Darubini ya Hubble ilipozipima nyota zake moja moja, ikaonekana nyingi sana hazijafikisha miaka bilioni 8. Yaani ilikalia gesi yake miaka mabilioni ya mwanzo, ndipo ikaanza kazi kwa nguvu! Na galaksi nyingine ndogo, Carina, iliyogunduliwa mwaka 1977, ilizaa, ikapumzika miaka mabilioni, ikazaa tena.

Utauliza umri unajulikanaje. Nyota nzito huwa ya buluu na humaliza haidrojeni ya kiini chake, ambayo ndiyo kuni zake, kwa miaka milioni chache tu. Iliyo kama Jua hudumu bilioni 10 hivi. Basi unazipanga nyota kwenye mchoro, rangi huku, mng'ao huku, kisha unatafuta zinapoanza kuacha safu ya zile ambazo bado zinachoma haidrojeni katika kiini. Kadiri panavyokuwa hafifu na pekundu, ndivyo kundi lilivyo zee. Kwa Carina mahali hapo si pamoja tu, ni zaidi ya mara moja: safu zimeachana, na kati yake karibu patupu. Mimi mchoro huo ningeubandika ukutani kabla ya picha yoyote ya anga.

Ujirani nao una neno, maana galaksi kubwa huweza kuipokonya gesi ndogo iliyo karibu nayo. Draco, jirani wa Njia Nyeupe, galaksi yetu, haina gesi tena, na iliacha kuzaa kama miaka bilioni 10 iliyopita. Lakini Fornax, jirani vilevile, ilizaa hadi miaka milioni mia chache iliyopita. Ndiyo maana simwamini anayeeleza yote kwa ukubwa peke yake, wala kwa ujirani peke yake.

Ukitaka kujionea, amka saa kumi za alfajiri mwezi wa tisa, usiku usio na mbalamwezi, utazame kusini. Umeme ukiwa umekatika ni afadhali zaidi. Kwa mara moja giza litatufaa. Moshi wa mioto ya porini ukiruhusu, utaona madoa mawili meupe, Mawingu ya Magellan, ambayo nayo ni galaksi ndogo jirani zetu. Lile kubwa lilipoa kwa miaka mabilioni, likaanza tena kuzaa kwa nguvu kama miaka bilioni 5 iliyopita, pengine kwa kusukumana na mwenzake. Hadi leo linazaa, na gesi linayo tele.