Barua ya wazi kwa vijana wa Kigoma mlio mbali na nyumbani

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko,

Assalaam alaykum. Wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo zenu nazipata kwenye simu, nami naitikia marahaba kwa moyo wote.

Nawaandikia kuhusu salamu na zawadi mnazotuma nyumbani. Sikukuu zikikaribia, simu za wazee huku Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi hujaa picha: mwezi mwandamo juu ya msikiti, mti wa Krismasi, maua yanayometameta. Bibi mmoja anaweza kupata picha ileile kutoka kwa wajukuu wanne, na hakuna hata mmoja aliyemtaja jina. Sisemi mwache kutuma. Mtu aliyekumbukwa kwa picha ana nafuu kuliko aliyesahauliwa kabisa. Ninachowaomba ni kwamba, kabla hujatuma chochote, ujiulize siku ya mtu huyo ikoje. Yuko na nani nyumbani? Nini kimempata tangu mlipoongea mara ya mwisho? Ukishajua hayo, maneno machache yatamtosha.

Mimi nilifanya kazi posta, na nilianza zamani, posta na simu zikiwa bado shirika moja kabla ya kutenganishwa mwaka 1994. Simu ya maandishi, yaani telegramu, ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Mtu alisimama mbele ya kaunta na karatasi yake akipunguza neno moja moja mpaka fedha aliyonayo itoshe. Aliondoa "natumaini hamjambo", akaondoa "mimi ni mzima", akaondoa hata "wako mpendwa". Jina la mtoto aliyezaliwa, au la mgonjwa aliyepata nafuu, hakuliondoa. Siku hizi maneno hayana bei, na nasikitika kuona kwamba jina ndilo la kwanza kuachwa.

Basi liandike. "Mama mdogo, Idi mbarak. Lile goti linaendeleaje? Ulirudi Maweni kwa daktari?" Ujumbe wa namna hiyo mama mdogo atamsomea jirani, atamsomea na muuza mboga. Asiyejua kusoma, au ambaye macho yamepungua nguvu, mtumie ujumbe wa sauti. Wapo wazee hapa mtaani wanaousikiliza ujumbe mmoja wa mjukuu wao hata wiki nzima.

Sasa fedha. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini mwaka 2008, mmetusaidia sana, na Mungu awazidishie. Lakini naomba mzingatie mambo ambayo mtumaji huwa hayaoni. Tuma na ya kutolea. Ukimtumia shangazi yako elfu kumi kamili, akifika kwa wakala anakatwa, na ile kumi uliyomwahidi inakuwa pungufu mbele ya mwenye duka. Tuma mapema. Fedha ikifika saa kumi jioni ya siku yenyewe ya Idi, nyama sokoni imekwisha na watoto wameshashinda na nguo za zamani. Fundi cherehani naye hufunga kupokea vitambaa siku kadhaa kabla ya sikukuu, kwa hiyo fedha ya nguo za watoto ifike angalau wiki mbili nyuma. Zakatul-fitri ndiyo haina mjadala, lazima imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi. Ni kama kilo mbili na nusu za chakula kwa kila mtu wa nyumba yako, na ukiitanguliza, yule maskini naye anaamka siku hiyo akiwa na cha kupika. Huo ndio muradi wake.

Hapa nataka nikae kidogo na jambo la ziwa letu, Tanganyika, maana wengi mmeondoka mkiwa wadogo na mmelisahau. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, lakini kazi ni ileile: taa inawavuta dagaa waje juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hiyo haina nguvu, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzishwa. Tazameni inavyokwenda pamoja na sikukuu. Idi el-Fitri huja mwezi unapoandama, usiku ukiwa giza totoro, na hizo ndizo siku ambazo mvuvi anatakiwa awe majini. Nyumba yake siku hiyo inaweza kuwa ya mama na watoto tu, baba amelala kwa uchovu au bado hajarudi. Maulidi ni tarehe 12 ya Mfunguo Sita, mwezi ukikaribia kujaa. Mvuvi yupo nyumbani, anacheka na watoto, lakini mfuko unaelekea kukauka. Mtu anayejua hili ataipigia familia ya mvuvi siku ya Idi na kuuliza kama baba amefika salama. Na zawadi yake ataiweka mpaka siku za mbalamwezi, ambapo kilo mbili za mchele zina uzito kuliko siku nyingine yoyote.

Tena kuna wakati ziwa hufungwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia. Ni hatua nzuri, na mimi naiunga mkono, maana samaki walikuwa wanapungua. Lakini Idi el-Haji ya mwaka ule iliangukia Juni, katikati ya kufungwa. Kulikuwa na nyumba Kibirizi ambazo miaka mingine hugawa dagaa kwa majirani, na siku ile zenyewe zilikuwa zinahitaji kugawiwa. Nyama ya kuchinja, kama tunavyofundishwa, hugawanywa sehemu tatu: ya nyumbani, ya ndugu na marafiki, na ya wahitaji. Ukimtumia mtu fedha akuchinjie mbuzi huku, mwambie kwa majina nani apelekewe. Usimwachie aliyekaribu na jiko ndiye aamue. Na tafadhali msiagize picha za watu wakipokea. Mama wa watu amekuja na bakuli lake kwa stara, halafu kijana anamnyooshea simu usoni. Hilo linaniuma, na nitalisema kila nitakapopata nafasi.

Majirani zetu wa dini nyingine mnawajua, mmekua nao. Sahani ya pilau ikipelekwa nyumba ya pili hairudi tupu, ikikosa yote itarudi na ndizi au embe. Ndani ya desturi hiyo kuna kufikiriana kwingi ambako watoto wa sasa hawakuoni. Familia ya Kikristo inayotaka kula Krismasi na majirani Waislamu humwita kijana wa Kiislamu aje achinje kuku, ili pasiwe na mtu anayekaa mezani akisitasita. Na sisi tukumbuke ya kwao. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache tu. Jirani yako Mkatoliki hali nyama siku ya Ijumaa katika Kwaresima, basi futari unayompelekea Ijumaa iwe ya samaki wetu migebuka na mihogo, nyama uiache Jumamosi. Hakuna gharama iliyoongezeka hapo. Umeuliza tu, ukakumbuka.

Kuna siku ambazo hazimo kwenye kalenda yoyote, na kwa maoni yangu hizo ndizo kubwa. Msiba ukitokea mnajitokeza, mnachanga, wengine mnapanda basi mnakuja, na rambirambi zenu zinafika. Matanga yakishaanuliwa kila mtu anarudi kwake. Mjane anabaki na eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo simu yake hulia siku za mwanzo tu, baadaye inanyamaza. Mwekeeni alama kwenye simu zenu. Mpigie baada ya mwezi. Mpigie siku ya arobaini. Mpigie siku eda inapokwisha, maana siku hiyo anatoka nje na hajui aanzie wapi. Na sikukuu ya kwanza bila marehemu, Idi au Krismasi, msimpelekee picha ya maua. Mpigie asubuhi, mtaje marehemu kwa jina, umruhusu alie. Watu wengi huogopa kumtaja marehemu wakidhani wanatonesha kidonda. Wajane niliokaa nao wameniambia kinyume chake: kinachowaumiza ni pale watu wanapokaa kama vile mtu huyo hakuwahi kuishi.

Ndivyo ilivyo pia kwa mama aliyejifungua. Wote hukimbilia kumtazama mtoto. Mwenye kufikiri humuuliza mama amekula nini, ana kuni au mkaa, nani anamfulia. Ukiwa mbali, mlipie kijana wa mtaani amchotee maji kwa wiki moja. Hiyo ni zawadi ya maana kuliko shuka la kitoto la nne.

Na nyinyi mnapopokea, pokeeni vizuri. Mama yako anaponunua dagaa, akawaanika tena mwenyewe, akawafunga pamoja na chupa ya mawese, akaupeleka mzigo stendi au stesheni alfajiri, safari ya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Muda wote huo moyo wake uko njiani. Usimwache mpaka aulize mwenyewe. Ukiupata mzigo piga simu palepale, na ukishapika umpigie tena umwambie umewapika vipi na umekula na nani. Nimeona akina mama wakitembea na habari hiyo nyumba hadi nyumba.

Huko mliko nako, angalieni kushoto na kulia. Hapa kwetu huletwa walimu na wauguzi kutoka Kilimanjaro, Mbeya na Lindi, wanapangiwa Kakonko, Buhigwe, Uvinza, na wengine vijiji vya kandokando ya ziwa kama Kagunga na Kalya. Nauli ya kwenda kwao sikukuu ni kubwa na siku za likizo hazitoshi. Wazee wengi huku huwaita wale nao, na wale vijana huwaita wenyeji wao baba na mama mpaka leo. Nanyi katika jengo mnalopanga yupo mlinzi anayeshinda zamu siku ya Krismasi, yupo dada wa kazi ambaye Idi yake ni kuosha vyombo vya wageni wa wengine. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mpeleke sahani yenye nyama kama ya kwako, umuulize anatoka wapi, umpe simu awasalimie wa kwao.

Ramadhani ijayo ikikaribia, kila mmoja wenu achague nyumba moja ya mtaani isiyo ya ukoo wake, aifuatilie mwaka mzima. Usipojua hali ya nyumba hiyo, nipigie simu jioni baada ya swala ya Isha. Nitakwambia nani yuko kwenye eda, nani mtumbwi wake uko nchi kavu, na nani mtoto wake amefaulu kidato cha nne na hajapata wa kumpongeza.

Wasalaam,
Mzee wenu, mstaafu wa posta, Ujiji.