Barua kwa mwanangu: anwani yako ni hapa nyumbani

London, Juni 2024

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Dada yako amenambia mpango wako wa kuandikisha anwani ya rafiki yako wa Ilford huku ukilala hapa kwangu. Habari hii ningependa kuisikia kwako, si kwake. Najua umenionea huruma, hutaki benefiti yangu ya nyumba, ule msaada wa serikali wa kunilipia kodi ya nyumba, ikatwe. Lakini mpango huo siutaki, baba. Sitatia saini fomu inayosema naishi peke yangu ilhali wewe umelala chumba cha pili.

Sikiza hesabu, maana hao waliokushauri hawakukueleza. Mtu mzima akiishi kwa mzazi anayepokea benefiti ya nyumba, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, huchukulia kwamba anachangia kodi ya nyumba, awe anatoa au hatoi, na hupunguza benefiti ya mzazi. Miaka hii mitatu hawakunikata hata peni kwa ajili yako kwa kuwa ulikuwa mwanafunzi wa kutwa, hata zile likizo ulizopanga maboksi ghalani. Ukimaliza chuo, kinga hiyo imekwisha. Mwaka huu makato yanaanzia pauni 19.30 kwa wiki, nayo hupanda kwa kufuata mshahara hadi pauni 124.55. Wanatazama mshahara kabla haujatozwa kodi. Kazi uliyopata ni saa 40 kwa pauni 11.44, yaani pauni 457.60 kwa wiki. Kwa mshahara huo makato ni pauni 113.50, na kwa mwezi yanazidi kidogo pauni 490. Si pesa ndogo, nakubali.

Ila hawakukwambia kwamba kwa sisi tuliofika umri wa pensheni, mtoto akirudi nyumbani au akianza kulipwa, makato hayo hayaanzi mpaka wiki 26 zipite. Una nusu mwaka wa kusimama. Na utakachonipa mkononi hakihesabiwi kuwa kipato changu. Basi makato yakianza, nipe hizo pauni 113.50 kila Ijumaa, kodi ilipwe, nawe ubaki na chako. Chumba cha kupanga mjini humu hukipati kwa pesa hiyo ukabakiwa na nauli. Nilikuwa nimeapa sitachukua senti ya mtoto wangu akiwa bado anatafuta maisha. Sasa nakuomba mwenyewe.

Lakini ile anwani ya uongo, mwanangu, ndiyo inayoninyima usingizi. Kaunsili siku hizi zinapata taarifa za mishahara kutoka ofisi ya kodi ya mapato. Zikigundua, pesa iliyozidi inadaiwa yote, na wanaweza kukupeleka mahakamani. Mimi uzee huu nitavumilia kusemwa kwenye baraza. Wewe umetoka na daraja la kwanza la uhasibu, wa kwanza katika ukoo wetu, na picha yako nimeituma Mombasa mpaka shangazi zako wamechoka kuitazama. Mhasibu mwenye kesi ya udanganyifu, nani atamkabidhi hesabu zake? Huyo rafiki yako atakuwa wapi siku hiyo?

Kwa hiyo nataka karatasi zako za mshahara, kila inapotoka, bila kukumbushwa. Nisipowaonyesha, watachukulia kwamba unalipwa mshahara wa juu kabisa na kunikata zile pauni 124.55. Wewe kwa kutojibu ujumbe hujambo! Dada yako anajibu akiwa na mtoto mgongoni.

Jambo jingine sikutaka kulitaja. Kuna posho ya wazee wanaohitaji mtu wa kuwasaidia, na mzee akiipata, makato haya yote yanaondoka, hata mtoto alipwe mshahara gani. Dada yako alileta fomu yake tangu mwezi wa pili. Imekaa juu ya friji. Wanauliza nani anakusaidia kuoga, nani anakuvisha soksi, umeanguka mara ngapi. Kuandika majibu hayo kwa mkono wangu kumekuwa kuzito. Basi ukija tutakaa mezani, wewe utaandika na mimi nitasema, na utaandika nisemavyo, usinipambe wala usinizidishie. Ile habari ya mimi kuoga kwa kujishika kwenye bomba la maji ya moto usimwambie dada yako.

Kodi ya kaunsili, ile kila nyumba inayoilipa kaunsili, nayo itaguswa. Ile asilimia 25 ninayopunguziwa kwa kuishi peke yangu huwa haiondoki kwa sababu ya mwanafunzi, lakini kwa mfanyakazi inaondoka. Nitawapigia simu Jumatatu. Nataka niwape tarehe yako ya kumaliza na tarehe yako ya kuanza kazi, kwa hiyo niandikie zote mbili leo, si wiki ijayo. Na benki yako uiambie anwani ni hii ya hapa. Ulishawapa ile ya Ilford? Kama ulishawapa, ibadilishe kabla sijapiga simu.

Chumba chako kimejaa vyombo vya dada yako, pamoja na kile kitanda cha mtoto ambacho mumewe aliahidi kukifuata tangu Ramadhani. Nimemwambia avitoe. Pazia nimelifua. Kwenye friza kuna nguru na mbaazi, lakini nazi ya pakiti imeniishia, kwa hiyo pitia duka la pale stesheni ununue mbili. Usisahau kurudisha funguo za chumba huko chuoni Sheffield na kuchukua risiti, wasije wakakushikia amana yako. Na lile jiko dogo la umeme nililokupa, urudi nalo.

Babako