Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla ya kununua vishikwambi vingine

Mheshimiwa Waziri,

Kila bajeti ya vifaa vya kidijitali inaposomwa, tunahesabiwa vishikwambi. Hatuambiwi mwanafunzi wa sekondari atafanya nini navyo akishafungua habari ya kurasa mbili.

Mtazame anavyojibu maswali ya ufahamu. Anaanza na swali, anachagua neno moja zito, analisaka kwenye kifungu, akilipata ananakili sentensi nzima. Mara nyingi anapata vema! Muulize mwandishi anamtetea nani, anakodoa macho tu. Mhamishie kifungu hichohicho kwenye skrini uone: kisanduku cha kutafutia kinamletea neno papo hapo, hata kule kupekua hakupo tena.

Mwaka 2018 mtafiti Pablo Delgado na wenzake walichambua tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye skrini, hasa matini za taarifa na hasa muda ulipobana. Kwenye hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Taarifa na haraka: huo si ndio mtihani wenyewe?

Sisemi vifaa vifungiwe stoo. Naomba kila nyenzo, kabla haijalipiwa, iulizwe inamfanyisha msomaji kazi gani. Ile inayomsimamisha katikati, ikaficha matini, ikamtaka aandike kwa maneno yake alichosoma na anachotarajia kifuate, hiyo tuleteeni hata kesho. Kutabiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha ndizo mbinu nne ambazo watafiti Annemarie Palincsar na Ann Brown walizifanyia utafiti uliochapishwa mwaka 1984, bila kishikwambi chochote. Kifaa kinaongeza jambo ambalo sisi walimu, na marundo yetu ya madaftari, hatuliwezi: kutuonyesha majibu ya darasa zima kabla kengele haijalia, tukajua ni aya ipi iliyowaangusha. PDF ya kitabu kilekile cha kiada haifanyi hivyo. Ni karatasi iliyotiwa betri.

Vifungu virefu viendelee kuchapishwa. Walimu wafundishwe kuyasoma majibu hayo, si kuwasha na kuzima tu. Na kwenye kamati ya ununuzi awemo mwalimu anayesahihisha ufahamu. Wauzaji wamezoea kuulizwa bei na ukubwa wa kioo. Huyu atawaomba wamfungulie somo moja, alifanye mwenyewe mbele yao hadi mwisho.

Wako,
Mwalimu wa lugha, sekondari