Kichujio cha barua taka kikaguliwe kabla ya kupokea seva mpya

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie tatizo ambalo naamini linazisumbua ofisi nyingi zinazoendesha seva zao za barua pepe, nalo ni kufurika kwa barua taka mara tu seva inapoboreshwa. Mimi ni mtunza mitambo katika ofisi moja hapa Morogoro. Tulipohamia toleo jipya, mkandarasi alituma barua ya majaribio iitwayo GTUBE, ikanaswa mbele ya macho yetu, na hati ya makabidhiano ikatiwa saini. Wiki ile ile masanduku ya wafanyakazi yalijaa ahadi za mirathi na, lililonitia hofu zaidi, ankara za kughushi zilizomtaka mhasibu alipe kwenye akaunti ngeni ya benki.

Tulishauriwa kushusha kizingiti. Programu yetu ya kuchuja barua taka, SpamAssassin, huipa kila barua alama kwa kanuni nyingi ndogo ndogo, na kwa kawaida jumla ikifika 5 barua huhesabiwa kuwa taka. Tulishusha hadi 3. Taka zilipungua kidogo, lakini barua ya mzabuni wetu wa miaka mingi nayo ilitupwa kwenye folda ya taka, na hakuna aliyeiona mpaka muda wa kuijibu ulipopita. Kwangu mimi hasara hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa barua taka mtu huiona akaifuta, ilhali barua halali iliyozuiwa hajui hata kama iliandikwa.

Jibu lilikuwa ndani ya barua zenyewe, katika mistari ya juu iliyofichika ambamo programu huandika kanuni ilizotumia. Nilipolinganisha barua za kabla na za baada, niliona kwamba kanuni zote zinazoanza na neno BAYES zimetoweka. Hizo hutegemea kumbukumbu ya yale ambayo programu imefundishwa na watumiaji wake, na BAYES_99 peke yake huchangia alama 3.5. Kumbukumbu yetu haikuwa imefutika. Ilibaki katika saraka ya mtumiaji wa zamani wa mfumo, huku programu mpya ikiendeshwa kwa jina la mtumiaji mwingine aliyeanza na daftari tupu, na kwa kawaida programu hii haianzi kutumia mafunzo hayo mpaka ipewe angalau barua taka 200 na halali 200. Kwa bahati nzuri diski ya zamani ilikuwa bado kabatini, tukaihamisha kumbukumbu hiyo kwa amri ya sa-learn.

Katika mistari hiyo tuliona pia neno URIBL_BLOCKED. Seva mpya ilikuwa imeelekezwa kwenye huduma ya umma ya DNS, yaani mfumo unaojibu maswali kuhusu majina ya mtandao, inayotumiwa na watu wasiohesabika, na wenye orodha za watumaji na viungo vibaya, kama URIBL na Spamhaus, hukataa maswali yanayopitia huko. Kichujio kiliuliza kuhusu kila barua na hakikupata jibu. Tuliweka programu ya DNS iitwayo Unbound ndani ya seva yetu ili iulize yenyewe moja kwa moja, kisha tukarudisha kizingiti kuwa 5. Ankara za kughushi sasa zinaishia kwenye folda ya taka, na barua za wazabuni zinafika.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa ofisi wasitie saini kwa sababu tu GTUBE imenaswa. Barua hiyo hupewa alama 1000 papo hapo, hivyo huthibitisha kwamba kichujio kimewashwa, si kwamba kina uwezo wa kupambanua. Mkandarasi atakiwe kuhamisha kumbukumbu ya zamani, na aoneshe barua halisi zilizopita kwenye seva mpya zikiwa na kanuni za BAYES na majibu ya orodha hizo, na diski ya zamani isifutwe mpaka hayo yakamilike.

Msomaji wako,
Morogoro