Mwanangu, Usiikaribishe Noeli Peke Yako

Ndanda, Masasi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, na baba yako ameshaanza kuandaa shamba kwa kuwa mvua za kwanza zimenyesha. Nimefurahi kusikia kwamba kazi huko Mtwara mjini inakwenda vizuri, lakini uliponiambia kuwa tangu ufike hujajiunga na jumuiya yoyote ya waamini wa mtaani, kwamba Jumapili unasali na kurudi chumbani bila mtu kukujua jina, nimeona nikuandikie Majilio, majuma haya ya kuingojea Noeli, yangali yanaendelea, kwa sababu Noeli ya kwanza ugenini ndiyo inayompotea mtu kirahisi.

Unajua mwenyewe mwezi huu ulivyo kwetu kusini. Minada ya korosho huanza Oktoba na malipo ya wakulima huendelea kuingia hadi Desemba, hivyo majuma ambayo Kanisa limeyatenga kwa toba na matumaini hutukuta tukiwa na fedha mkononi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Wafanyabiashara wanalijua hilo, nao hupanga nguo, redio na magodoro mpaka barabarani. Sisemi ni vibaya kumshonea mtoto gauni la sikukuu. Nimekushonea mengi na kwa furaha. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye fedha asiye na wa kumkumbusha anaweza kufika tarehe 25 akiwa amenunua kila kitu, na moyoni hajajiandaa kwa lolote.

Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali nyumbani kwa mjane mmoja anayekaa kule bondeni. Tulisoma Injili ile ambayo makutano wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye anawajibu kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Tukakaa kimya kidogo, kisha mwenyekiti akauliza ni neno gani lililomgusa kila mmoja. Mzee mmoja, ambaye fedha zake za mnada zilikuwa zimeingia juzi yake, alisema kwamba kanzu yake ya pili ni gunia la mahindi alilokuwa anangoja bei ipande aliuze. Alisema hivyo akimtazama mwenye nyumba, ambaye hana hata mkorosho mmoja na analea wajukuu. Kabla ya sala ya kufunga, mweka hazina alikuwa ameshaandika katika daftari mahindi, sabuni, na sare ya shule itakayohitajika Januari.

Injili hiyo nimeisikia kanisani tangu utotoni, lakini kanisani tuko mamia, na ni rahisi kudhani kwamba Yohane anamwambia aliyeketi benchi la mbele. Mkiwa watu kumi na wachache juu ya mikeka, mnatazamana usoni na kila mmoja anajua hali ya mwenzake, neno hilo linakufikia wewe. Naamini maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliona mbali walipokutana mwaka 1976 na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kazi yao ya kichungaji.

Pango la Noeli, lenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, nalo si kazi ya mtu mmoja. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa lile la Greccio mwaka 1223, aliwaita watu wa pale, wakaja usiku na mienge yao, ng'ombe na punda wakiwapo. Hapa kwetu watoto wa Utoto Mtakatifu, chama chao cha kanisani, wamechota udongo na kufinyanga kondoo wao wenyewe, wengine wana miguu mitatu, na hori linabaki tupu hadi usiku wa kesha, jambo ambalo mdogo wako analisimamia kwa ukali.

Jirani zetu Waislamu watakuja kula pilau kama sisi tunavyokwenda kwao Idi, na namshukuru Mungu kwa ujirani huo. Lakini hao ndio wanaotutazama kwa karibu. Wakiona sikukuu yetu ni pombe na ngoma hadi asubuhi, watajua nini juu ya Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu?

Tena mjini wengi huimaliza Noeli jioni ya tarehe 25, ilhali Kanisa linaendelea nayo hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Sisi tarehe 28, siku ya Watoto Mashahidi, tutakwenda hospitalini kuwaona watoto waliolazwa, na akina mama wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, watapika uji.

Basi, nimekwenda kwa mwenyekiti wetu akaniandikia barua yako ya utambulisho, na ofisi ya parokia imeigonga mhuri. Nimeiambatanisha hapa. Usiiache ikae ndani ya begi; Jumapili hii baada ya Misa mwone katekista, mweleze mtaa unaokaa, naye atakuonyesha jumuiya yako na kukuambia Jumamosi inasali kwa nani. Muulize pia siku ya maungamo, na kama kuna zamu ya kupamba kanisa, jiandikishe. Kama kazini hawatakupa ruhusa ya kuja nyumbani, usihuzunike, kesha pamoja na wenzako wa huko, nasi tutakungoja kabla ya Ubatizo wa Bwana.

Mama yako akupendaye