Jumamosi Berthoud Pass: tunatoka saa tisa usiku
Jamani, Jumamosi tunatoka Denver saa tisa usiku kamili kwenda Berthoud Pass, njia ya juu milimani hapa Colorado. Mchelewaji asipige simu, tutakuwa tayari njiani, mji wa Idaho Springs.

Theluji ya Aprili huganda usiku. Jua likipanda, maji hupenya ndani na mteremko wa nyuzi 30 na zaidi unaweza kuporomoka wote. Upande wa mashariki ndio hupata jua kwanza, kwa hiyo saa tano asubuhi tuwe tumeshashuka. Usiku ukiwa wa mawingu theluji haigandi vizuri; hapo hatupandi, tutakunywa chai tu. Kiatu kikizama hadi kifundoni, au ukiona vibonge vya theluji vinajiviringisha vyenyewe, geuka, usinisubiri.

Koleo, fimbo ya kupimia, kifaa cha kutafutia aliyefukiwa: kila mtu na chake, betri mpya. Utabiri wa CAIC (kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji) nitauweka hapa kesho jioni.